Demetria Anaomba Muda Zaidi

Hapa Mbezi hakuna mtu aliyezichukia simu za watoto kama Demetria, na chuki yenyewe aliitangazia kwenye simu. Asubuhi, hata hajasukutua, alishaweka status: "Mzazi, mwanao anaangalia nini muda huu?" Saa nne anaweka nyingine, picha ya mtoto wa kuchora aliyefungwa minyororo kwenye simu. Mchana anasambaza sauti ya daktari asiye na jina, anayeapa kwamba mwanga wa simu unakausha ubongo wa mtoto. Magrupu aliyokuwemo hata mwenyewe hakuyajua idadi. Kulikuwa na la jumuiya, la kikoba, la kamati ya harusi ya mtoto wa jirani, na la kamati ile ile bila mama wa bwana harusi, ili asemwe kwa nafasi. Mboga zilimuungulia mara ngapi, ziulizwe sufuria. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na mie wahenga siwaongezei neno.

Alikuwa na binti mmoja, Gladness, kidato cha pili, na kwa hiyo mtaani aliitwa Mama Gladness. Gladness naye alikuwa na simu. Si kwa kupenda kwa mama yake. Shule ilianza kutuma kazi za nyumbani kwa WhatsApp, basi baba yake, Venance, dereva wa basi la Songea ambaye nyumbani alikuwa kama mgeni anayeheshimika, akamnunulia moja akiwa stendi ya Magufuli, akaikabidhi, akaondoka na abiria wake.

Tangu hapo Demetria akakosa raha. Mtoto aliileta ile simu usoni mpaka pua ikagusa kioo. Anafinya macho, anaisogeza polepole, kama mtu anayenusa samaki kujua kama bado anafaa.

"Mnamuona huyu?" Demetria aliwaambia wageni. "Simu imeshammeza, imebakiza miguu."

Halafu kukawa na suala la adabu. Gladness aliyekuwaga anamwamkia hata muuza mkaa, sasa anakutana na watu wazima barabarani anawapita bila shikamoo. Malalamiko yalikuja kutoka kwa Kokushubila, mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu, na Kokushubila hakuwa mtu wa kulalamika kwa siri.

"Mama Gladness, mwanao jana kanipita pale kwa muuza chipsi kama amepita nguzo ya umeme. Mie nguzo?"

Na maksi nazo zilikuwa zinashuka. Mwalimu wa hesabu aliandika kwamba mtoto anakosea hata kunakili swali: ubaoni kuna tatu, daftarini kuna nane. Demetria hakutaka maelezo zaidi. Adabu imekwenda, akili imekwenda, na mchawi yumo humo ndani, anachajiwa kila jioni kwa umeme wake mwenyewe.

Sasa ukweli niwaambie mie, maana Demetria hakuwa na nafasi ya kuusikia. Mtoto alikuwa haoni mbali. Darasani waliwapanga kwa urefu, wafupi mbele, warefu nyuma, na Gladness alirithi miguu ya baba yake, kwa hiyo alikaa mgongo ukutani. Ubao kwake ulikuwa ukungu. Mtu akiwa ng'ambo ya barabara alikuwa nguo inayotembea, na nguo huwezi kuiamkia. Jioni rafiki yake Herieth alipiga picha daftari lake akamtumia, na Gladness akaileta simu karibu na macho, akanakili mstari kwa mstari. Ile simu iliyolaaniwa ndiyo ilikuwa ubao wake.

Alimwambia mama yake. Siyo mara moja. Mara ya kwanza Demetria alikuwa anachagua rangi ya vitenge na kamati. "Mama, ubaoni sioni." "Ehe," akajibu Demetria, kidole kikiendelea kupandisha picha. Mara ya pili alikuwa anasikiliza sauti ndefu ya mtu aliyegombana na wifi yake. "Ehe." Mara ya tatu akamnyooshea kiganja, kile kiganja cha kusema ngoja, na kile kiganja hakikuteremka mpaka mtoto alipoenda kulala. Baba naye aliambiwa kwa simu, akiwa Makambako. "Mwambie mama yako," akasema, kwa sababu ndivyo baba wasemavyo wakiwa Makambako.

Basi hali ikawa hivyo, na pengine ingeendelea kuwa hivyo, kama isingekuwa kile kiti.

Kikundi cha Wanawake Tusichoke kilikuwa kinatafuta mama mlezi. Mama mlezi hana kazi. Nasema hivi bila nia mbaya. Mwenyekiti anaongoza, katibu anaandika, mweka hazina analaumiwa, na mama mlezi anakaa. Lakini anakaa meza kuu, kwenye kiti kilichovishwa kitambaa chenye utepe nyuma, anawekewa chupa ya maji yenye mrija, na katika kila harusi na kila msiba anaitwa mwisho kusema neno la busara. Demetria alikitamani kile kiti kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, ukiondoa nyumba yenye geti. Alishajiona juu yake. Alishajua hata atakavyoushika ule mrija, kwa vidole viwili.

Aliyemzuia njiani ni Kokushubila, naye alikitaka. Ikaamuliwa kila mmoja atoe mada siku ya Jumamosi, kina mama wasikilize, kisha wachague. Kokushubila alichagua usafi wa mazingira. Demetria, bila kufikiri mara mbili, alichagua "Mtoto na Simu: Mzazi Amka".

"Mada nzuri," akasema Kokushubila kwa upole. "Na yule wako atakuwepo, au atatupita?"

Neno hilo lilimwingia Demetria mpaka kwenye mfupa. Alielewa kwamba hawezi kusimama mbele ya watu na mtoto aliyemezwa. Siku ile ile ya Alhamisi akamchukua Gladness na simu zote mbili, wakaenda Mwenge kwa Nurdin, fundi simu, mwenye kibanda nyuma ya wachonga vinyago. Hapo Mwenge mtu mmoja anachonga twiga, jirani yake anafungua simu za watu, na wote wawili wana vumbi moja la mpingo.

Nurdin alikuwa na dawa. Programu inaitwa Mlezi. Unaiweka kwenye simu ya mzazi na simu ya mtoto, zinaunganishwa, halafu simu ya mtoto inatii amri za mzazi. Inajifunga yenyewe. Mtoto akitaka muda zaidi anabonyeza kitufe cha kuomba, mzazi anapata taarifa, anabonyeza Kubali au Kataa.

"Hiyo hiyo," akasema Demetria. "Andika amri. Wakati wa chakula, funga. Wakati wa kazi za nyumbani, funga. Tamthilia zote, funga. Siku za shule apate saa moja, ikiisha imeisha. Jumamosi nusu saa."

"Maza, nusu saa ni kidogo."

"Unamlea wewe?"

"Hapana, maza." Nurdin akaendelea kubonyeza. "Kuna lugha kali na kuna ya kitoto. Niweke ipi?"

"Ya kitoto, aelewe vizuri. Na kwa mzazi iweke sauti, nisikie hata nikiwa jikoni."

Hapo simu ya kibanda ikalia. Ilikuwa kamati, na kamati ilikuwa na ugomvi mkubwa kuhusu keki. Demetria akasogea pembeni, kichwa kimeegemea simu ya kuazima, maana yake ilikuwa mikononi mwa fundi na alikuwa ameshatoa namba ya kibanda kwa dharura kama hizo.

Nurdin akakunja uso. Programu ile haikuuliza nani mzazi. Iliangalia yenyewe mwaka wa kuzaliwa kwenye akaunti, mkubwa ikamfanya mlezi na mdogo ikamfanya wa kulelewa. Na ilichokiona hapo kilikuwa kituko.

Kituko hicho kina historia yake, na historia yenyewe mnaijua, maana mmeifanya hata nyie. Nani kati yetu alijifungulia akaunti mwenyewe? Simu ya Demetria ilipokuwa mpya, alimrushia Gladness, akiwa bado shule ya msingi, amfungulie. "Mama, inauliza umezaliwa lini." Mama alikuwa anaongea na mtu. "Weka tu," akasema. Mtoto akaweka tarehe pekee aliyoijua kichwani, ya kwake mwenyewe, na simu za wakati ule hazikumkataa mtu. Miaka ikapita, akapata simu yake, simu ikamkataa kwamba ni mdogo, na yeye akafanya kama watoto wote wa mji huu wanavyofanya: akachukua kitambulisho cha mama yake kabatini, akaweka ule mwaka. Basi kwa hesabu za mashine, Demetria alikuwa binti wa miaka kumi na minne, na Gladness alikuwa mama mtu mzima wa arobaini na sita.

"Maza," akaita Nurdin. "Hapa kuna kitu hakijakaa sawa. Hii inasema wewe ndiye..."

Demetria akamnyooshea kile kiganja.

"Maza, ni muhimu kidogo, hii miaka..."

"Kijana, weka tu."

Nurdin alimwangalia Gladness. Gladness alikuwa anatazama upande wa vinyago, macho kayafinya, akijaribu kujua kama ni watu. Nurdin akawaza kwamba mteja ni mfalme, na kwamba mfalme huyu ana haraka. Akaweka.

Ijumaa asubuhi Demetria alimaliza ile saa moja kabla chai haijapoa. Simu ikaweka picha ya mwezi uliolala na maandishi chini yake. Demetria hakuwa na desturi ya kusoma maandishi ya simu. Aliona "muda wako" na "umekwisha", akajua ni kifurushi, akaenda dukani kununua kingine. Mwezi ukaendelea kulala. Akanunua cha mtandao mwingine. Akaizima, akaiwasha, akaitoa laini, akaipuliza. Akatoka nje, akazunguka uani ameinyanyua juu, akapanda kwenye ngazi ya tangi la maji, akakaa kule juu akitafuta mtandao kama mtu anayesubiri mvua.

Mchana mzima haukuwa na status. Hakujua keki imeishia wapi. Hakujua wifi amesemaje. Mikono yake haikujua pa kukaa. Ilishika kikombe, ikakiacha, ikashika rimoti, ikaiacha. Alipata mawazo mabaya juu ya Kokushubila. Mwalimu mstaafu, mtu wa Bukoba, miaka mingi mjini, huwezi kujua amejifunza nini. Aliiwekea simu mafuta ya baraka, kidogo tu, pembeni, mbali na tundu la chaji.

Gladness alitoka shule, akamkuta mama yake amekaa kwenye ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kuhusu simu yako. Kwenye yangu naona imeandikwa..."

"Simu yangu inakuhusu nini wewe? Ya kwako imefungwa na bado macho yako kwenye yangu? Nenda kasome."

Ya kwake haikuwa imefungwa hata chembe, lakini mtoto wa Kitanzania akiambiwa nenda, anakwenda. Akaingia ndani, akaileta picha ya daftari la Herieth puani, akasoma jiografia. Demetria alikuwa na siku nzima bila simu, na hakumtazama mtoto hata kidogo. Alikuwa anatazama minara.

Jumamosi simu ikaamka nzima. "Si nilisema ni mtandao," akasema Demetria, akaanza kulipa madeni ya jana. Akajipiga picha akiwa na kitenge kipya, picha ile ya kulainisha uso mpaka mikunjo yote inahama. Akaiweka. Akajibu kina mama waliompongeza. Hakujua kwamba nusu saa yake ilikuwa inatembea. Kabla hawajatoka akanyoosha mkono kwa Gladness, kama kawaida yao wakienda mbele za watu, na Gladness akatoa simu yake, ikaingia kwenye mkoba wa mama.

Ukumbi ulijaa. Kokushubila alizungumza kwanza, habari za mitaro na mifuko ya plastiki, akapigiwa makofi ya heshima. Kisha akapanda Demetria. Mtu wa muziki aliilaza simu ya Demetria kwenye kimeza cha jukwaani, akaiunganisha na skrini kubwa ya ukutani, maana mada yote ilikuwa ndani ya simu, picha na maneno, na hakuwa ameandika popote pengine. Mkoba aliuweka meza kuu, karibu na kile kiti chenye utepe.

Alianza vizuri, haki yake mpeni. Sauti ilikuwa nzito, kitenge kilikaa. Alikuwa na mtindo wake: likija andiko kwenye skrini, anawaambia kina mama wasome kwa pamoja, na wanasoma, ukumbi unatetemeka.

"Tusome wote!"

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

"Tena!"

"Simu haina huruma na mwanao."

"Mie kwangu," akasema Demetria, akitembea jukwaani, "mtoto hashiki simu bila ruhusa. Simu yake inaniogopa. Ikifika muda inajifunga yenyewe, na akitaka zaidi ananiomba, na mie naamua. Kina mama, mzazi ni nani kama mtoto ndiye anayeamua?" Makofi yakaja, ya kweli haya, siyo ya heshima. Akamtupia jicho Kokushubila, akaona mwenzake amekunja mikono. Akabonyeza picha inayofuata bila kugeuka. "Haya, tusome wote!"

Na kina mama, watiifu, wakasoma kwa sauti moja kilichokuwa kwenye skrini, chini ya mwezi mkubwa wa njano uliolala:

"Demetria mpenzi, muda wako wa kuchezea simu leo umekwisha. Sasa nenda ukacheze nje na wenzako. Ukihitaji muda zaidi, mwombe mzazi wako."

Walifika mwisho kabisa ndipo wakaelewa walichosoma. Demetria akageuka. Akaona jina lake, kubwa, na mwezi. Kidole kikakimbilia kitufe pekee kilichokuwepo, ili kile kitu kiondoke, na kitufe hicho kilikuwa cha kuomba. Hapo mkoba wake, kule meza kuu, ukasema kwa sauti ya mwanamke mpole:

"Mzazi, mwanao Demetria anaomba muda zaidi."

Sijawahi kusikia ukumbi unacheka vile. Kuna mama aliyeshuka kutoka kwenye kiti mpaka chini, akabaki huko huko. Mkoba, kwa kuwa hakuna aliyeujibu, ukarudia. Kokushubila alingoja kicheko kipungue, kama mwalimu yeyote mzuri.

"Jamani, mpeni mtoto muda," akasema.

Demetria alisimama na kipaza sauti. Miguu ilikuwa inataka mlango. Kile kiti kilikuwa hatua chache tu kutoka alipo, na alikiona kinamtoroka, na utepe wake. Lakini mtu hakai kwenye kamati miaka yote ile bila kujifunza kitu kimoja: ukianguka, waambie watu ulikuwa unaonyesha sakafu ilivyo. Akacheka, kicheko kikubwa kuliko chao.

"Mmeona?" akasema. "Mmeona, kina mama? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilitaka muone kwa vitendo. Nimeiweka simu yangu kwa makusudi chini ya mtoto, nionje mwenyewe kile tunachowaonjesha wao. Nani kati yenu angethubutu?"

Wakatazamana. Kicheko kikageuka minong'ono, minong'ono ikageuka makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Makofi yakakua, na Demetria akauona mrija tena, kati ya vidole viwili. Angeishia hapo, angekuwa mama mlezi mpaka leo. Lakini mtu aliyepona kwa uongo hapendi kupona kidogo.

"Gladness mwanangu, njoo hapa."

Gladness alikuwa anagawa soda. Akaacha sinia, akapanda jukwaani, mrefu, kichwa kimeinama. Demetria akamshika bega, akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Huyu ndiye binti yangu. Wengine husema hana adabu, hawasalimii watu. Leo muone mtoto aliyelelewa. Gladness, wasomee kina mama ule ujumbe pale, kwa sauti, halafu umpe mama yako muda."

Gladness akatazama ukutani. Akafinya macho. Akasogeza kichwa mbele kidogo, akakirudisha.

"Soma, mwanangu."

Gladness akasogea hatua moja mbele.

"Herufi kubwa vile. Soma tu."

"Sioni, mama."

"Huoni nini?"

"Maandishi. Naona mwanga tu, na kitu cha njano." Kipaza sauti kilibeba kila neno mpaka kwa wapishi nje. "Nilikuambia."

"Uliniambia lini?"

Aliuliza kweli. Hakuwa anagomba. Alikuwa anatafuta kichwani mwake, na hakukuta kitu.

"Ulipokuwa unachagua vitenge," akasema Gladness. "Ukasema ehe. Na tena ulipokuwa unasikiliza ile sauti ya wifi wa mtu. Ubaoni pia sioni. Na watu barabarani. Huwa nawasalimia wakifika karibu, lakini wengine wanakuwa wameshapita."

Kokushubila aliteremsha mikono aliyokuwa ameikunja.

Gladness akaenda kwenye mkoba, kwa kuwa ulikuwa bado unaomba. Akatoa simu yake. Na mbele ya ukumbi mzima akaileta usoni, mpaka pua ikagusa kioo, macho kayafinya, akiisogeza polepole. Demetria alimtazama. Mikono yake haikuwa na simu, na ile ya ukutani ilikuwa imelala, kwa hiyo hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Aliona kile alichokuwa amewaonyesha wageni miezi yote ile ili wacheke. Haikuwa simu iliyommeza mtoto. Mtoto alikuwa anasoma, kwa namna pekee aliyobakiwa nayo, na yeye alikuwa amekwenda mpaka Mwenge kulipa mtu amzibe hata hapo. Aliona haya ambazo hajawahi kuziona, na hazikuwa haya za kuchekwa.

"Nimeona," akasema Gladness. "Nabonyeza Kubali. Inauliza dakika ngapi. Nikupe ngapi, mama?"

Hakuwa anatania. Aliuliza kwa adabu zote, kama anavyouliza sukari vijiko vingapi.

"Usinipe," akasema Demetria. Akakishusha kipaza sauti. "Usinipe mwanangu. Twende nyumbani."

Akakilaza kipaza sauti mezani, akachukua simu yake na mkoba, akamshika mtoto mkono kama mtoto mdogo, wakapita katikati ya viti. Kina mama wakasogeza miguu wapite. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyepiga makofi.

Kiti alikipata Kokushubila. Alikaa, akainua chupa ya maji, na nasikia mrija aliutoa akanywa kwa mdomo. Busara yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila mzazi akampime mwanae macho. Aliisoma kutoka kwenye simu.

Jumatatu Demetria na Gladness walikuwa kliniki ya macho. Daktari, mama mmoja mwenye haraka, alimwekea mtoto vioo, akavibadilisha, akavibadilisha tena, akauliza tatizo limeanza lini. Demetria akafungua mdomo kujibu, akaufunga, akamwachia Gladness aseme. Na Gladness akasema yote, na safari hii mama yake alikuwa anamtazama mdomo.

"Itakuwa ni simu, daktari?" akauliza Demetria mwishoni. Nadhani alikuwa bado anatumaini kidogo.

"Hapana, mama. Haya macho amezaliwa nayo, yamezidi tu kadiri anavyokua. Simu ndiyo imemvusha."

Miwani ilipokuwa tayari walitoka nayo mpaka barabarani. Gladness alisimama pale pale kwenye ngazi, akaanza kusoma mji. Alisoma bango la mafuta ya nywele. Akasoma namba za bodaboda. Akasoma ukutani, kwa sauti, "Usikojoe hapa," akacheka peke yake. Halafu akamgeukia mama yake, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kutoka umbali ambao hajawahi kumwona vizuri.

"Mama, kumbe una mvi."

"Ninazo," akasema Demetria. "Siku nyingi."

Walishuka basi Mbezi, wakaanza kupandisha kwenda nyumbani. Ng'ambo ya barabara, karibu na muuza chipsi, alikuwa anapita mwanamke na mfuko wa nyanya.

"Shikamoo mwalimu!" akaita Gladness.

Kokushubila alisimama, akatafuta sauti imetoka wapi, akamuona. "Marahaba, mwanangu. Marahaba," akasema, na akasimama hapo mpaka walipopita.

Demetria aliwatazama wote wawili. Alitaka kulia na alitaka kucheka, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukaingia kwenye mkoba. Ilikuwa picha nzuri, nani angekataa: mtoto na miwani yake mpya, jua limempiga upande mmoja. Maneno alishayapanga. "Mzazi, msikilize mwanao." Akainua simu. Mwezi ulikuwa umelala, maana kwa Nurdin alikuwa bado hajarudi, kila siku akisema ataenda kesho. Akabonyeza kuomba.

Mfukoni mwa sketi ya Gladness yule mwanamke mpole akasema yake.

Gladness akaitoa simu. Hakuileta puani. Aliinyoosha mkono mzima, mbali kabisa na uso, akasoma mara moja. Kisha akamwangalia mama yake, na simu iliyokuwa imeshainuliwa kumpiga picha, akabonyeza Kataa.

"Twende tukale kwanza, mama," akasema. "Nina mambo mengi ya kukuambia."